Mzigo wa Siku Tatu

Kinole, Morogoro
Jumapili, 25 Aprili 1993

Kwa kaka yangu Ignas,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, wewe na wifi Diana na watoto, na kile kikohozi cha Eric kiwe kimeshamwachia. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Petro anakusalimu sana, Rosa anakuamkia mjomba wake, na mimi chaki inanitafuna vidole kama ulivyoniacha. Mvua tu ndiyo haitaki kusikia la mtu. Tangu Pasaka hatujaanua nguo iliyokauka sawasawa. Mama naye hajambo, na habari zake utazipata humu, maana ndiye hasa barua hii inayemhusu.

Uliponipigia simu shuleni Jumanne, mwalimu mkuu alikuwa amekaa pale pale mezani anajifanya anasahihisha madaftari, na hata ukurasa mmoja haukugeuzwa mpaka nilipokata simu. Ndiyo maana nilikujibu ndiyo na hapana tu, na wewe ukadhani nakuogopa. Sikuogopi, kaka. Nakuheshimu, lakini hilo ni jambo jingine. Uliniuliza swali moja la akili sana: daraja lililokatika, kama telegramu ilivyosema, hata likamzuia mama kurudi, limempitishaje Yohana na pikapu yako? Swali hilo nalijibu leo, kwa kirefu na bila mwalimu mkuu. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujamwita wifi aje asikie.

Nianze na safari yenyewe ya misa ya baba. Yohana, dereva wako, alifika nyumbani kwetu Mji Mpya ile Ijumaa ya tarehe kumi na sita saa nne asubuhi, mama akiwa amekaa mbele na mkoba wake mapajani. Kabla hata hajanisalimu alinikabidhi bahasha yako. Nikaifungua nikijua ni barua, kumbe ni orodha! Imepigwa chapa kwa mashine, vitu ishirini na vitatu, kila kimoja na kisanduku chake cha kuweka alama ya vema. Kaka, miaka kumi na minne ya kutunza bohari la shirika haikutoki damuni. Walikupunguza kazini, shirika lenyewe likauzwa, wewe ukaingia kwenye mitumba ukatajirika, lakini bohari umeondoka nalo kichwani.

Sikukejeli. Kila kitu kilikuwa na maana yake: tairi la akiba na jingine la akiba ya lile la akiba, jeki, pampu, kamba ya kuvutia gari, panga, turubai, tochi, dumu la maji yaliyochemshwa, dumu la petroli, sanduku la dawa, na vidonge vya presha vya mama vya siku kumi kwa safari ya siku tatu. Pembeni uliandika kwa kalamu kwamba mlimani masika haina mwenyewe na mtu ajiandae kwa lolote. Nilikaa uani na penseli ya Rosa nikaweka vema zote ishirini na tatu. Tairi la kwanza lilitoboka mapema tu, kabla hatujafika hata Bigwa, na Yohana akakuombea dua hapo hapo barabarani.

Lakini mimi nami nilikuwa na mizigo yangu, na hiyo haikuwamo kwenye orodha yako. Nilitoa godoro. Nikatoa blanketi mbili, magunia mawili yaliyofungwa mdomo, jembe jipya, sufuria tatu, chungu, mwiko, jiko la mkaa, debe la unga na picha moja kubwa iliyofungwa kwa khanga. Petro alisimama mlangoni akauliza kama tunakwenda misani au tunahamia Kongo. Yohana alikuwa mpole zaidi, lakini naye aliniuliza jembe la nini kwa watu wanaokwenda kusali. Nilimwambia gari likikwama kwenye tope tutalichimbulia nini, na godoro je, mama mwenye miaka sabini na mmoja alale wapi kama tutakesha njiani? Kwa kila alichouliza nilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa ni maneno yako mwenyewe, kwamba mtu ajiandae kwa lolote. Mama alikuwa anatazama mbele tu kwenye kioo.

Tukaondoka saa sita, mimi na mama na Yohana mbele, Petro na Rosa nyuma chini ya turubai. Mpaka Kiroka njia ilikuwa nzuri. Baada ya Mkuyuni, tulipoanza kupanda, mvua ikatukuta. Unaijua ile kona yenye mteremko upande wa mkono wa kushoto. Pikapu ilipanda nusu, ikasita, ikaanza kurudi nyuma polepole huku Yohana akikanyaga breki kwa miguu yote miwili na kutaja watakatifu ambao hata padre hawajui. Petro aliruka akaokota mawe matatu kando ya njia akayasukumia nyuma ya magurudumu, gari likasimama. Tukashuka wote. Tukachimba kwa jembe langu, na hapo nilimtazama Yohana machoni naye akatazama pembeni. Tukatandika magunia na matawi, tukasukuma, tukapaa.

Sasa sikia vituko vya mama yako. Muda wote tunasukuma yeye alikuwa amesimama chini ya mwavuli wako, anayageuzageuza yale mawe kwa ncha ya mguu, kama mtu anayechagua viazi sokoni. Gari lilipotoka alimwita Petro akamwambia ayapakie, yote matatu. Yohana alilalamika kwamba gari limeshaelemewa na mawe huku mlimani yamejaa tele. Mama alimjibu kwamba mlima wenye mteremko mmoja yeye hajauona bado. Yohana akafungua turubai, kwa sababu lilikuwa ni neno la dereva mzuri. Mawe yakapakiwa.

Tulifika saa kumi. Nyumba ya mama uliiacha imefungwa tangu ulipomchukua mwaka tisini na moja. Bati zipo, ukuta wa upande wa jikoni umeliwa na mvua, na mdalasini wa baba umeota mpaka dirishani. Mjomba Elia na wazee watatu wa ukoo walikuwa wameshakaa uani wanatungoja. Dada Theresia, binti wa marehemu mama mkubwa, alikuwepo na masufuria yake: wali wa nazi, kuku na maharage. Ametupokea vizuri, simsingizii. Lakini wewe unajua kama ninavyojua kwamba Theresia ana watoto saba na kishamba kama kitambaa cha mkononi, na kwamba alishaomba apewe shamba la mama. Mjomba alisema mbele yako, siku unamwondoa mama, kwamba ardhi ya ukoo hailali miaka mitatu. Huu unaingia wa tatu.

Na kwetu, kaka, mgeni hupikiwa, mwenye nyumba hupika. Hakuna aliyelitamka jambo hilo pale uani, ila kila mmoja alikuwa amekuja kutazama nani atashika mwiko. Mama akiushika wali wa Theresia, basi amekuja kutembea, atakula, atashukuru, atapewa kuku wa kurudi naye Dar es Salaam, na Jumatatu Theresia atakuwa anapima mipaka.

Theresia alimtengea. Mama alinawa, akashukuru, akasema watoto wa Theresia wale kwanza, yeye anaivisha kwake.

Hapo ndipo mimi mtu wa mjini nilipoumbuka. Nilikuwa nimejiandaa, si unajua! Nikakimbilia garini nikashusha lile jiko la mkaa, jipya, nililolinunua sokoni kwa shughuli hiyo hiyo, nikaliweka katikati ya ua nikijiona mjanja kuliko wote. Theresia aliangua kicheko. Alisema jiko lenye mikono ni la msafiri, linawashwa leo linabebwa kesho, na kwamba mdogo wake wa mjini amekuja na jiko linalojua njia ya kurudi. Wazee nao wakacheka, hata Mjomba, na mimi nilitamani ardhi inimeze na jiko langu. Miaka kumi na saba nafundisha watoto wa watu, na la kwetu wenyewe lilinitoka.

Mama hakucheka. Alimwita Petro, akamwambia alete yale mawe.

Petro aliyaleta moja moja, yamejaa tope la barabarani. Mama aliyaosha kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye sufuria. Akaingia nayo jikoni, kwenye ule ukuta ulioliwa, akapiga magoti, akayapanga, akayatikisa kuona kama yametulia, akayapanga tena. Mafiga yake mwenyewe. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukatutoa machozi sote, na yeye akakataa kusaidiwa hata kupuliza. Akasonga ugali. Kaka, niwe mkweli, ulikuwa mbaya. Ulikuwa na mabuje na umeungua upande mmoja, kwa sababu miaka miwili mama hakuruhusiwa kugusa mwiko nyumbani kwako, msichana wa kazi ndiye aliyepika. Akachemsha majani ya maboga bila nazi, akatoa uani, akamkaribisha Mjomba.

Mjomba alikula. Alikula ule ugali polepole mpaka akafuta sahani, mabuje yote, mbele ya wali wa nazi. Akaomba maji ya kunawa. Halafu akamgeukia Theresia, bila ukali, akamwambia kwamba ukoo utamtafutia mahali pengine pa kulima, kwa sababu hapa pana mwenyewe.

Jumamosi misa ilisomwa kigangoni, baba akaombewa, watu walijaa hadi nje. Yote hayo Yohana amekueleza, nami siyarudii.

Jambo asilokueleza, kwa sababu nilimwomba asikueleze, ni la Jumapili asubuhi. Mama alitoka kuokota kuni, akarudi mikono mitupu, akakaa kizingitini akasema dunia inazunguka. Mikono yake ilikuwa baridi. Nilimuuliza vidonge, kumbe Jumamosi kwa pilikapilika za wageni hakumeza hata kimoja. Nikampa. Kisha nikapoteza akili. Mimi, Cecilia, ninayejifanya jasiri kwenye barua, nilimwita Yohana awashe gari, nikamwambia Petro atupe godoro nyuma, twende Morogoro hospitali na kutoka hapo moja kwa moja kwako. Nilikuwa nakuona wewe umesimama getini unaniuliza nimemfanya nini mama. Gari likawaka. Petro akamshika mama upande mmoja, mimi upande wa pili.

Mama alishika mwimo wa mlango. Aliniambia kwamba nguvu za kunizuia hana, nikimbeba atabebeka. Ila nijue kwamba nikimtia kwenye gari lile, kitakachofika Dar es Salaam nisikiite mama tena, nikiite mzigo. Hakupaza sauti wala hakulia.

Mimi ndiye niliyelia, kaka, mbele ya Yohana na mbele ya mwanangu Rosa, na sikuona haya. Nikamwambia Yohana azime gari. Tukakaa pale kizingitini, mama ameegemea bega langu, mpaka vidonge vikafanya kazi na mikono ikapata joto. Vidonge hivyo ni vya orodha yako, namba kumi na saba. Kwa hilo nakushukuru kutoka moyoni, na kila mara nitakushukuru. Alipoweza kusimama tukafungua yale magunia.

Usidhani nimemtupa porini. Sista wa zahanati ya misheni amempima presha na amemwandika kwenye daftari lake la wazee, anampima kila Alhamisi. Binti mkubwa wa Theresia analala naye, na Theresia mwenyewe, baada ya kununa siku mbili, juzi alimletea mbegu za mahindi na kumsimanga kwamba ugali wake ni wa kuulia panya. Mama alifurahi sana, maana kumbe kwako hakuna aliyethubutu kumtania. Mimi nitakuwa napanda kila baada ya wiki mbili. Leo nipo, na hapa ninapokuandikia nimekaa kwenye kigoda chake.

Najua utasema atafia huku. Inawezekana. Hata kwako anaweza kufa, na huko angekufa akitazama ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Wifi Diana hana kosa, naomba asikie hivyo. Alimlisha, alimvika, alimwita mama kwa upendo. Lakini wewe kaka unatoka alfajiri kufuata marobota unarudi watu wamelala. Hukuona nilichokiona mimi likizo ya mwezi wa sita. Nilifika bila taarifa, nikasikia mtu ananiamkia na simwoni. Mama alikuwa amekaa nyuma ya geti lako la chuma lililofungwa kufuli, jicho kwenye upenyo, anawasalimia wapita njia. Wao walikuwa wanageuka huku na huku, hawajui salamu inatoka wapi, wengine wanaharakisha. Mama yetu, ambaye Kinole nzima ilikuwa haiendi sokoni bila kupita kwake! Nilikasirika siku ile, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo.

Na najua la pili utakalosema, kwamba nataka shamba. Ndiyo, nalitaka. Nitalificha la nini? Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Shamba hili kesho ni langu na keshokutwa ni la Rosa, halifiki kwa watoto wako, kwa sababu wao ni wa ukoo wa mama yao. Sheria hiyo sikuitunga mimi, na wewe siku zote umeichekea ukisema ni mambo ya kizamani. Sasa siku hizi kila kitu kinauzwa, kila wiki anapanda mtu na gari zuri anauliza ekari ya iliki bei gani, na wewe mwenyewe Krismasi ulisema mezani kwamba unamjua mnunuzi mmoja. Ulisema kwa mzaha. Mama hakuuona mzaha, na mimi pia sikuuona. Lakini hata lingekuwa shamba la kokoto tupu, kaka, ningemleta.

Sasa nifike pale penye uchungu. Daraja halijakatika. Lipo, zima, nimelipita jana na gunia la mbolea kichwani. Ile telegramu niliitunga mimi, na Yohana nilimlazimisha aseme hivyo hivyo. Alikataa mpaka mama alipomwamuru, naye hana ubavu wa kumbishia mama. Ukimfukuza kazi kwa hilo, utakuwa umemwonea.

La pili: yale magunia mawili yalikuwa ni maisha ya mama. Tangu mwezi wa sita kila nilipokuja kwako niliondoka na kitu chake. Mara blanketi, mara sanamu ya Bikira Maria, mara vitenge vyake vya sikukuu. Kaka, lile boksi la mwezi wa kumi na mbili ulinibebea wewe mwenyewe mpaka kituo cha basi, ukalalamika kwamba madaftari ya wanafunzi ni mazito. Ile picha ya harusi ya wazazi wifi aliitafuta, nikamwambia naipeleka Morogoro kutiwa kioo. Ilipofika siku ya safari mama alikuwa amebakiwa na mkoba wa siku tatu, kwa sababu vingine vyote vilishatangulia kwangu.

La tatu ndilo kubwa. Ile barua ya Mjomba Elia ya mwezi wa pili, iliyosema kwamba ukoo umeamua baba asomewe misa ya miaka mitatu nyumbani na kwamba dada yake, yaani mama yetu, lazima awepo, ile uliyotusimulia kwamba uliisoma mara mbili kwa sauti mbele ya familia, Mjomba hakuiandika. Niliiandika mimi. Niliiandika mezani kwako, kwa kalamu yako, ukiwa bandarini, na mama amekaa kando yangu ananitajia maneno. Nikaja kuiposti Morogoro ili mhuri uwe wa huku. Hata yale maneno makali, kwamba mtoto wa kiume hana amri juu ya mama yake, mjomba wake akishasema, ni ya kwake. Mimi niliyaona yamezidi, nikataka kuyapunguza. Akaniambia niyaache kama yalivyo, anamjua mtoto aliyemzaa.

Nawe ukajibu kwa adabu. Mjomba akapata jibu la barua asiyoiandika, linalomshukuru kwa misa asiyoijua. Katekista alimsomea mara mbili. Jumamosi ile, kaburini kwa baba, alinivuta pembeni akanieleza kwamba alikaa na barua yako siku tatu, halafu akavaa koti akateremka kwa padre kuandikisha misa, kwa sababu jina la ukoo likishatumika kusema uongo hakuna budi kuufanya uwe kweli. Akaniambia pia kwamba siku nyingine nikitaka kuandika kwa jina lake nimwone kwanza, yeye anayo maneno makali zaidi.

Kwa padre nimeshaungama, amenipa rozari za kusali na nimezisali. Kwako siungami, kaka, nakuarifu. Tulikudanganya, mimi na mama, kwa karibu miezi kumi, na tulikudanganya kwa sababu kila tulipokuambia ukweli ulitujibu kwa kuongeza kitu ndani ya nyumba: feni, redio, video ya wajukuu. Mama alikwambia kwa kinywa chake mara tatu kwamba anataka kurudi kwake. Mara ya tatu ulimnunulia kiti cha kuzunguka.

Ulisema kwenye simu kwamba Jumamosi ya Mei Mosi utakuja mwenyewe na gari kubwa na daktari. Karibu sana. Mimi na Petro tutakuwa huku tangu Ijumaa. Ukija kumwamkia mama, tutakupokea kwa furaha, na daktari ampime akipenda, tena tutashukuru. Ukija kumchukua, itakubidi umchukue mbele ya Mjomba, mbele ya ukoo, na mbele yangu, nami nitakaa mlangoni. Mimi ni mdogo wako na tangu utoto sijawahi kukukatalia jambo. Hili nakukatalia.

Nisalimie wifi Diana, mwambie simdai samahani ila namwomba. Wabusu watoto wote, Eric apakwe mafuta ya karafuu kifuani, nimeyatia kwenye kichupa humo ndani. Petro ana safari ya Dar Jumanne, barua hii ataileta mkononi kwako. Mpe chai, yeye ni mtu wa kati tu. Nakutakia afya njema na moyo mpana wa kuipokea habari hii.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kama zamani,

Cecilia

Nimemsomea mama barua hii yote kuanzia shikamoo. Amesema nimepoteza karatasi bure, yeye angemaliza kwa maneno machache. Nimemwambia ataje, niandike kama anavyosema. Amepaka masizi kwenye dole gumba na kuligandamiza hapo chini, ili usije ukasema na haya nimeyatunga mimi:

Ignas mwanangu. Chumba changu wape wajukuu walale. Mimi nimefika.